Mshale wa presha ya oili unapocheza kwenye Land Cruiser ya zamani

Asubuhi unawasha gari, mshale wa oili unapanda kupita nusu na kutulia hapo. Saa moja baadaye uko kwenye foleni, jua kali, mguu uko kwenye breki, na mshale umelala jirani na L, alama ya chini. Ukikanyaga mafuta unainuka, ukiachia unalala tena. Ukifika gereji utaambiwa injini imechoka, ifunguliwe. Kabla hujakubali, uliza swali moja: nani amepima presha yenyewe? Mshale wa deshibodi haupimi presha. Unaonyesha kile ambacho sensa, waya na geji vimekubaliana kusema, na kwenye gari lenye miaka thelathini hivyo vitatu mara nyingi ni vichakavu kuliko injini.

Mfano wetu hapa ni Land Cruiser za mfululizo wa 70 na 80 zenye injini ya 1HZ, ile dizeli ya silinda sita, lita 4.2, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1990 na ambayo bado inapanda milima na kuvuka mbuga za Afrika Mashariki kila siku. Mengi yatafaa pia kwa Hilux zenye injini za 2L na 3L, na kwa injini nyingine ya zamani yenye geji ya oili.

Tuanze na presha ni nini, kwa sababu hapo ndipo makosa mengi yanapozaliwa. Pampu ya oili haitengenezi presha. Kazi yake ni kusukuma oili. Presha inapatikana kwa sababu oili hiyo inalazimika kupenya kwenye nafasi finyu kati ya beringi na krenki, beringi na konrodi, na kwenye kemushafti. Ikipata ugumu wa kupita, presha inapanda. Ikipata njia rahisi, presha inashuka. Kwa hiyo mshale unafuata mambo matatu: kasi ya injini, kwa sababu pampu inazunguka nayo, uzito wa oili, yaani ugumu wake wa kutiririka, ambao unabadilika na joto, na upana wa zile nafasi, yaani uchakavu.

Jambo la joto ndilo watu hulidharau zaidi. Oili ya 15W-40 ikiwa na nyuzi joto 40 ina uzito wa senti-stoku (kipimo cha uzito huo wa kutiririka) kama 110. Ikifika nyuzi 100 imebaki na kama 14 tu. Ni oili ile ile, imekuwa nyepesi karibu mara nane. Injini nzima isiyo na hitilafu yoyote lazima ionyeshe presha kubwa asubuhi na ndogo mchana. Mshale usiobadilika kabisa, baridi au moto, ndio wa kutiliwa shaka.

Sasa namba. Kwa dizeli za Toyota za kizazi hicho, kipimo cha kawaida kitabuni ni hiki: injini ikiwa na joto lake la kazi na iko sailensi, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, presha isipungue 0.3 kg/cm², ambayo ni kilopaskali 29 au psi 4.3. Kwenye mizunguko 3000 kwa dakika, iwe kati ya 2.5 na 6 kg/cm², yaani psi 36 hadi 85. Isome tena ile ya kwanza. Psi 4.3 tu inatosha kwenye sailensi, na kwenye geji ya deshibodi hiyo iko chini kabisa, karibu na L. Ndiyo maana mshale kulala kwenye foleni, peke yake, hauthibitishi kwamba injini imekufa. Ile kanuni inayosambaa, kwamba lazima uwe na psi 10 kwa kila mizunguko 1000, ni ya kukadiria tu na wala siyo kipimo cha mtengenezaji. Kwa injini hii itakutisha bure ikiwa sailensi.

Kinachokuhusu zaidi ni namna mshale unavyocheza. Unafuata mizunguko ya injini, unafuata mwendo wa gari, au haufuati chochote?

Kama haufuati chochote, anza na umeme. Geji ya asili kwenye gari nyingi za aina hii ni ya metali mbili: utepe mdogo uliozungushiwa waya wa joto, ambao ukipata moto unajikunja na kusukuma mshale. Sensa nayo, kile kikopo cha duara kilichofungwa kwenye bloki na chenye waya mmoja, ina utepe kama huo pamoja na kontakti zinazofunguka na kufunga mara nyingi kwa dakika. Presha ikipanda, kontakti zinakaa zimegusana muda mrefu zaidi na geji inapata moto zaidi. Geji ya namna hii ni nzito kwa asili, mshale wake unachukua sekunde kadhaa kufika unakokwenda. Kontakti zikichakaa au zikishika kutu, mshale utazama na kuinuka polepole huku injini ikinguruma vilevile, na dereva atadhani ni pampu.

Kujaribu ni rahisi, unahitaji balbu ndogo ya wati 3.4 yenye holda na waya mbili. Chomoa waya wa sensa, washa swichi bila kuwasha injini: mshale ubaki L. Kisha unganisha ule waya uliochomoa na ethi, yaani chuma cha bodi, kupitia balbu: balbu iwake na mshale upande kuelekea H, alama ya juu. Ukipanda, geji na waya wake ni vizima. Usiupige waya huo moja kwa moja kwenye ethi bila balbu, utaunguza geji. Hatua ya pili ni sensa: peleka umeme kutoka chanya ya betri kupitia ile balbu hadi kwenye kichwa cha sensa. Injini ikiwa imezimwa, balbu isiwake. Washa injini: balbu imulike na kuzima, imulike na kuzima, na ukikanyaga mafuta mmuliko ubadilike kasi. Balbu ikibaki imewaka moja kwa moja, au isiwake kabisa wakati injini inanguruma na tapeti (vibonyezo vya valvu) zimetulia bila kugonga, sensa imekufa. Kama gari lako lina mfumo wa volti 24, kama zile zilizotoka soko la Japani, tumia balbu ya volti 24.

Usichukue jaribio hili ukalipeleka kwenye kila geji. Zile za VDO, chapa ya geji, zinazofungwa baadaye zinatumia sensa ya ukinzani, omu 10 presha ikiwa sifuri na omu 180 ikiwa juu kabisa. Kwa hizo, waya ukikatika mshale unaruka hadi mwisho wa juu, na waya ukigusa bodi unaanguka sifuri. Kwenye ile ya Toyota ni kinyume: waya ukikatika unalala L. Kutokana na tofauti hiyo, ukifunga sensa ya aina moja kwenye geji ya aina nyingine utapata usomaji ambao hauna maana yoyote, hata kama nyuzi za kufungia sensa zimeingia vizuri na plagi imekubali. Sensa za bei poa madukani zina tatizo hili mara nyingi: umbo ni lile lile, ndani ni kitu kingine.

Nyuzi zenyewe pia ni mtego. Toyota wanatumia 1/8 BSPT, kipimo cha Kiingereza cha nyuzi za bomba, nyuzi 28 kwa inchi. Zile za Kimarekani, 1/8 NPT, ni nyuzi 27. Zinafanana kwa macho, zinaingia mizunguko miwili mitatu kwa mkono, halafu ukilazimisha na spana unaharibu tundu la bloki. Na usizungushe tepu ya bomba kwenye sensa. Sensa ya waya mmoja inapata ethi kupitia nyuzi zake, tepu ikijaa inaizuia, na mshale unaanza kucheza siku hiyo hiyo uliyofunga sensa mpya. Gundi ya nyuzi kidogo kwenye nyuzi mbili tatu, ukiacha ncha wazi isije ikaingia kwenye tundu la oili, inatosha.

Dalili nyingine ya umeme: geji ya mafuta na ya joto zinacheza pamoja na ya oili. Injini haiwezi kuugua oili, joto na tangi kwa wakati mmoja. Tazama ethi ya deshibodi na chaji ya alteneta, ambayo iwe kati ya volti 13.8 na 14.4 kwa mfumo wa volti 12. Ukiwasha taa kubwa na mshale wa oili ukasogea, jibu umelipata bila kushika spana.

Ukishamaliza umeme, au hata kabla yake kama una haraka, pima kwa geji ya mrija. Hiki ndicho kifaa ambacho kila gereji inapaswa kuwa nacho na nyingi hazina: geji ya mshale ya bar 0 hadi 7, mrija unaohimili oili ya moto, na adapta ya 1/8 BSPT. Chomoa sensa, funga adapta, pitisha mrija mbali na manifodi ya moshi na feni. Usipime injini ikiwa baridi. Endesha dakika 20 mpaka oili yenyewe ipate moto. Maji kufika joto lake hakutoshi, oili huchelewa. Halafu soma sailensi na soma mizunguko 3000, andika zote mbili. Ukipata psi 12 sailensi na 50 kwenye 3000 wakati mshale wa deshibodi umelala, funga sensa mpya na uendelee na maisha. Hakuna injini ya kufungua hapo.

Presha ikiwa ndogo kweli, kitu cha kwanza ni dipstiki, na siyo kwa kuangalia kiwango tu. Gari liwe tambarare, injini imezimwa dakika 5. Oili ikipungua, mshale utakuwa ukianguka kwenye kona, kwenye breki kali au kwenye mlima, kisha unarudi barabara ikinyooka, kwa sababu oili inakimbilia upande mmoja wa sampu, bakuli la oili chini ya injini, na pampu inavuta hewa. Ikizidi alama ya juu nako ni kubaya: krenki inaipiga oili, inatoka povu, na povu halishiki presha. Lakini swali la hatari zaidi ni hili: je, kiwango kimepanda bila mtu kuongeza oili?

Kwenye 1HZ pampu ya dizeli inaendeshwa na gia za mbele ya injini. Sili ya mbele ya pampu hiyo ikichoka, dizeli inavujia ndani, inashuka hadi kwenye sampu na kuchanganyika na oili. Huoni tone chini ya gari. Unachoona ni mshale unaozidi kulala wiki hadi wiki, na dipstiki inayopanda. Nusa oili. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe isiyong'aa, uiache saa kadhaa: dizeli inajitenga na kusambaa kama duara jepesi kuzunguka doa jeusi. Nozeli zinazodondosha nazo zinaleta hali hiyo hiyo. Kwa gari za petroli za kabureta, shuku daiframu ya pampu ya mafuta. Tiba ni kwa fundi pampu kwanza, oili baadaye. Kumwaga oili mpya juu ya sili inayovuja ni kununua oili kila mwezi, na beringi zinakwenda wakati huo huo.

Joto la injini lisisahauliwe. Rejeta iliyoziba nusu au feni iliyolegea inapandisha joto la oili kwa nyuzi kadhaa, na presha inashuka kulingana nalo. Mara nyingine mshale wa oili unatoa taarifa ya rejeta kabla mshale wa joto haujasogea.

Filta ina dalili yake. Mshale ukichelewa kupanda asubuhi, huku tapeti zikigonga sekunde kadhaa halafu kila kitu kinatulia, valvu ya mpira ndani ya filta haizuii oili kurudi kwenye sampu usiku. Filta feki nyingi zina mpira mgumu kama plastiki au hazina kabisa. Badilisha, jaza filta mpya oili kabla ya kuifunga pale inapowezekana, na hakikisha ringi ya mpira ya ile ya zamani haikubaki imeng'ang'ania kwenye bloki. Ringi mbili zikikutana, filta inakaa siku mbili, kisha inatema oili yote barabarani.

Sasa tukija kwenye mshale unaokaa sawa mwendo mdogo lakini unaporomoka ukikimbia, halafu ukizima gari dakika kumi unarudi kana kwamba hakuna kilichotokea. Hiyo ni strena ya pampu ndani ya sampu. Uchafu unavutwa na kuziba wavu, ukizima unadondoka chini. Chanzo chake mara nyingi ni mkono wa mtu. Kuna tabia ya kuflashi, yaani kuosha ndani, injini ya zamani kwa dizeli au kwa dawa kali: tope lililokuwa limetulia miaka kumi linabanduka lote kwa siku moja na kukimbilia kwenye strena. Chanzo kingine ni silikoni. Sampu inafungwa kwa silikoni badala ya gasketi, na fundi anayepaka kama siagi kwenye mkate anasukuma nusu yake ndani. Vipande vinakatika vinaelea hadi kwenye wavu. Mstari wa milimita 3 hadi 5 unatosha, ukipita upande wa ndani wa matundu ya bolti, na sampu ifungwe ndani ya dakika 5 kabla haijaanza kukauka. Ukishusha sampu, angalia pia gasketi au o-ringi ya bomba la strena. Ikikauka na kupasuka, pampu inanyonya hewa hata kama oili imejaa, na mshale unatetemeka injini ikiwa moto.

Valvu ya kupunguza presha ni kipande kidogo cha chuma na springi, kazi yake ni kumwaga oili ya ziada presha ikizidi. Punje moja ya chuma ikiibana ikiwa wazi, presha inaanguka ghafla. Ikibanwa ikiwa imefunga, presha ya asubuhi inapaa na filta inaweza kupasuka mpira. Itoe, isafishe, ipake oili, uiachie kwenye tundu lake: inatakiwa ishuke yenyewe kwa uzito wake bila kusukumwa. Ikikwama au ikiwa na mikwaruzo, badilisha.

Hapa naomba nisisitize jambo moja, kwa sababu linaharibu injini za watu. Kuna mafundi wanaoweka washa (kile kipete cha chuma) nyuma ya springi ya valvu hiyo ili kupandisha presha. Kwenye sailensi valvu imefungwa tayari. Washa haiwezi kuongeza hata psi moja pale ambapo mshale umelala. Kinachoongezeka ni presha ya injini baridi asubuhi, ambayo haikuwa na tatizo. Umelipia hatari mpya na tatizo lako liko pale pale.

Oili nzito ni mjadala tofauti kidogo. Kutoka oili ya daraja la 40 kwenda ya 50 ni kutoka senti-stoku 12.5–16.3 kwenda 16.3–21.9 kwenye nyuzi 100, na mshale utapanda kweli. Kwa injini iliyochakaa kiasi, mahali penye joto kama Dar es Salaam au Mombasa, na kama jedwali la kitabu cha gari linairuhusu kwa joto la hapo, 20W-50 ni uamuzi halali. Siyo halali kama chanzo ni dizeli kwenye oili, wala strena iliyoziba. Strena iliyoziba ikipewa oili nzito asubuhi ya baridi kule Iringa au Limuru, pampu inanyonya kidogo zaidi kuliko mwanzo.

Ukiwa umefika hapa na presha ya geji ya mrija bado iko chini sailensi lakini inapanda vizuri kwenye 3000, zimebaki beringi. Ikiwa iko chini sehemu zote mbili, pima na pampu kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Kwa Toyota nyingi nafasi ya beringi mpya ni kama milimita 0.03 hadi 0.06, na ukomo ni 0.10. Utadhani ni tofauti ndogo, lakini oili inayopenya kwenye nafasi hiyo inakua kwa mchemraba wake: nafasi ikiongezeka mara mbili, oili inayovuja inaongezeka mara nane kwa presha ile ile. Ndiyo sababu injini inavumilia miaka, kisha inaonekana kama imechakaa mwezi mmoja. Pima kwa uzi wa plastiki wa kupimia beringi, kila moja, na usinunue seti ya saizi ya kukisia.

Wenye 1HD-T, ile dizeli yenye tabo (turbo) kwenye 80 za mwanzo, wasisubiri geji hata kidogo. Beringi zao za konrodi zinajulikana kwa kuchakaa mapema, na beringi moja inaweza kulika hadi kwenye tabaka lake la shaba huku mshale uko katikati, kwa kuwa zile nyingine tano bado zinabana vizuri. Injini inanoki, yaani inagonga, na geji ilikuwa nzuri mpaka dakika ya mwisho. Kwa hizo, shusha sampu uzikague.

Taa nyekundu ya oili, kwa gari lililo nayo, ni habari nyingine. Inawaka presha ikishuka hadi kama 0.3 kg/cm². Ikiwaka ukiwa mwendoni, ingia pembeni mahali salama mara moja na uzime injini; usifike kituo cha mafuta kwanza. Na unaponunua gari la zamani, washa swichi kabla ya injini: taa lazima iwake na mshale ulale L. Taa isipowaka, mtu ameitoa balbu au amechomoa waya, na geji ya mrija ifungwe kabla pesa haijatoka mfukoni.

Baada ya kufunga beringi, pampu au sampu, usiwashe injini kavu. Jaza oili, ambayo kwa 1HZ ni zaidi ya lita 9, jaza filta, chomoa waya wa solenoidi ya kukata dizeli kwenye pampu ili injini isiwake, kisha zungusha kwa stata sekunde 10 hadi 15, pumzisha stata dakika moja, rudia. Mshale au geji ya mrija ikiinuka, rudisha waya wa solenoidi na uwashe.